Springi Laini za Safari ya Didia

Bibi yangu mzaa mama alikubali kwenda Didia kwa sharti moja: akifika, ashuke mwenyewe na aingie msibani kwa miguu yake, akilia. Dada yake, wa mwisho kati ya ndugu zake, alikuwa amezikwa bila yeye kuwepo, na sasa matanga yalikaribia kuanuliwa. Kwao mwanamke aliyefiwa na ndugu huanza kulia tangu pembeni mwa mji wa wafiwa, akatembea na kilio chake mpaka wenzake watoke kumpokea. Anayefika amebebwa ni mgonjwa, si mfiwa.

"Mkinishusha kama gunia la pamba," alituambia, "watanililia mimi badala ya dada yangu. Heri nibaki hapa Masumbwe."

Tatizo lilikuwa mgongo. Mara ya mwisho kupanda pikapu ya mjomba kwenda hospitali Kahama, alishushwa kwenye blanketi, na kwa siku nyingi baada ya hapo hakuweza kugeuka kitandani bila kushikwa. Na Didia ni mbali kuliko Kahama. Unapita Kahama, Kagongwa, Isaka, ndipo ushike njia ya kuelekea Shinyanga. Mwishoni mwa miaka ya tisini, sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa vumbi na mawimbi yaliyochongwa na malori.

Mjomba, mwanawe, alikuwa broka wa dhahabu. Mwaka ule duara, shimo la dhahabu alilokuwa na hisa, lilikuwa limetema mali, na watu walingoja waone ataongeza nyumba au ataongeza mke. Yeye akarudi kutoka Mwanza na gari. Alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa akihamisha familia yake nje ya nchi. Lilikuwa limesimama juu kidogo kama magari ya porini, lakini mbavu zake zilikuwa za mviringo kama sabuni iliyokwisha kutumika. Viti vya ngozi, vioo vya kupanda na kushuka kwa kidole, gia inayojibadilisha yenyewe.

"Hili ni la kifahari," mjomba aliwaambia waliojaa uani. "Lakini la kifahari la kuanzia. Yapo makubwa yake, hayo sijafika."

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa mitambo, sina kazi, na ninahoji kila kitu, mpaka mama alikuwa akiniomba nile kwanza ndipo niulize. Nilitandika gunia, nikaingia chini ya gari.

"Mjomba, chasisi iko wapi?"

"Iko huko huko chini. Tafuta."

"Haipo."

"Msomi, gari litembee bila chasisi? Toka huko, unaniaibisha mbele za watu."

Lakini haikuwepo. Magari yote niliyoyajua barabara zetu yalikuwa na mihimili miwili ya chuma, na bodi imewekwa juu yake kama kitanda juu ya tendegu. Hili bodi yenyewe ndiyo ilikuwa mifupa. Sakafu, nguzo za milango na paa vilikuwa kitu kimoja kilichokunjwa na kuchomelewa, kila sehemu ikibeba mzigo wa jirani yake. Nyuma hapakuwa na ekseli ya kuunganisha magurudumu. Kila gurudumu lilikuwa na springi yake na mkono wake, likiweza kupanda bila kumsumbua mwenzake. Nilitoka chini nimejaa mashaka. Kitu kizuri, nilimwambia mjomba, cha kumpeleka mtu ofisini kwenye lami. Huku kwetu litafunguka kama boksi la karatasi.

Mjomba naye alikuwa na mashaka, ila yake yalikuwa ya aina nyingine. Aliona gari bado limekaa chini mno. Kwetu mtu akinunua gari, kitu cha kwanza ni kuliinua. Hata kabla ya kubadili oili, linapelekwa kwa fundi likawekewe springi ngumu na vipande vya kulipandisha, lisigonge mawe. Hakuna anayeuliza kwa nini. Jioni moja likarudi kutoka kwa fundi wa pale stendi limesimama kama mbuzi anayetaka kufikia majani ya juu, na wote wakasema sasa limekuwa gari.

Siku mbili kabla ya safari tulimpandisha bibi kwa majaribio, mpaka sokoni na kurudi. Tulipofika uani akabaki amekaa, ameshika mlango, jasho likimtiririka.

"Shikamoo bibi," nilisema kwa utani, kama vile ndiyo kwanza tunaonana.

"Marahaba, mume wangu. Uliza ulichotaka kuuliza."

"Vipi mgongo?"

"Hii ni pikapu iliyovaa suti." Akamgeukia mwanawe. "Nawe baba, umeninunulia nini? Siendi."

"Mayu, mama yangu, lazima liwe juu, litagonga."

"Ligonge lenyewe. Mbona mnataka nigonge mimi?"

Mjomba alikaa kwenye ngazi ya nyumba na kuvua kofia. Nilimwona jinsi alivyochoka. Alikuwa amekipata kila kitu alichokitafuta kwenye dhahabu, na kitu hiki kimoja alichoombwa na mama yake kilikuwa kinamponyoka uani kwake. Nikamwambia kwamba ujanja wote wa gari lile ulikuwa kwenye springi tulizozing'oa. Waliolitengeneza walipima ulaini wake pamoja na bodi, viti na magurudumu, na sisi tukatoa kimoja tukidhani vingine havitajua.

"Na wewe si ulisema litafunguka kama boksi?"

"Nilisema. Bado sijui. Ila likiwa hivi, tunajua."

Fundi alipoambiwa azirudishe springi za zamani alicheka mpaka akaegemea tairi. "Mimi nimeinua magari ya Masumbwe nzima," alisema. "Kushusha, ndugu yangu, ni leo." Lakini alizirudisha. Mchele na mafuta ya msibani, ambavyo mjomba alikuwa amepanga kujaza nyuma ya gari, vilitangulia na pikapu, kwa sababu springi laini zikielemewa hulala chini na hazina tena pa kuchezea.

Tuliondoka kukipambazuka. Bibi alikaa mbele, kiti kimelazwa kidogo, mjomba nyuma, mimi kwenye usukani. Katikati ya mji nilisimama kumpisha mtu na ng'ombe wake, nikageuza ufunguo kuwasha gari. Likatoa mlio wa kusaga vyuma. Lilikuwa halijazimika.

"Msomi unaliua gari!" mjomba alipiga kelele.

Ndivyo injini ile ilivyokuwa. Silinda sita, zimepangwa tatu tatu zikitazamana kwa mshazari, moja ikifuta mtikisiko wa nyingine, na ukisimama hukuisikia wala kuihisi miguuni. Ukikanyaga mafuta halikuruka. Lilikusanya nguvu taratibu na kuongeza mwendo bila kishindo, na gia zilibadilika pasipo mtu kujua ni saa ngapi.

Baada ya mji yakaanza mawimbi. Nilikaza mikono nikingoja ule mtetemo unaogonganisha meno. Kwa mwendo mdogo ulikuja, dashibodi ikalia kidogo, na bibi akafumba macho. Niliongeza mwendo polepole, nikisikiliza, na mahali fulani mtetemo ukaisha. Haukupungua, uliisha. Niliona boneti imetulia mbele yangu kama meza, na kando yake, kwenye kioo cha pembeni, niliona gurudumu la nyuma likipanda na kushuka kwa kasi ya kutisha, likifanya kazi yote peke yake. Nilijua hesabu za jambo lile. Nilizifanya kwenye mitihani. Lakini sikuwa nimewahi kukaa juu ya jibu lake.

"Tumetoka barabarani?" bibi aliuliza.

"Hapana bibi. Tupo."

"Mbona barabara imekwenda?"

Halikuwa gari lisilo na kasoro. Usukani ulikuwa mwepesi mno, haukuniambia chochote kuhusu ardhi, na kwenye kona liliinama upande kama mtu aliyebeba ndoo moja. Nikizidisha mwendo, mkia ulianza kuelea. Nilijifunza kulikatia kona mapema na taratibu, na lilinitii.

Kupita Kagongwa palikuwa na mchepuko unaoshuka kwenye korongo la mchanga mkavu. Lori moja lilikuwa limezama pembeni, watu wakichimba. Hapo niliogopa, kwa sababu kukwama maana yake ni kumshusha bibi na kumvusha mchanga kwa mikono. Gari letu halikuwa na wenzo wa kuunganisha magurudumu manne kama magari ya porini. Lilijiamulia lenyewe. Ndani yake, kati ya mbele na nyuma, kuna mafuta mazito ambayo magurudumu ya upande mmoja yakianza kuzunguka bure hukorogeka na kukaza, kama ugali unaokaribia kuiva, na kupeleka nguvu upande wa pili. Nilikuwa nimesoma hivyo na sikuamini kwamba uji unaweza kuvuta gari.

Tuliingia. Katikati, usukani ukawa mtupu, mbele kunateleza. Sikuongeza mafuta wala sikupunguza. Kisha nikahisi kitu nyuma kinatusukuma, kwa upole, kama mkono wa mtu mgongoni. Tukapanda ng'ambo. Pale pa kupandia, jiwe likagonga tumbo la gari kwa mlio mkubwa.

"Nilisema!" mjomba alilia kutoka nyuma. "Nilisema litagonga!"

Bibi alifungua jicho moja. "Nani kaumia?"

Mjomba alijitazama, akanitazama mimi.

"Basi twende."

Nilisimama mbele kidogo, nikachungulia. Bamba la kukinga chini lilikuwa limebonyea na hapakuvuja kitu. Milango yote ilifunguka na kufungika kwa sauti ile ile ya mwanzo. Niliifungua na kuifunga tena, mmoja baada ya mwingine, huku mjomba akinitazama. Chuoni nilikuwa nikibishana kwamba anasa ni kitu cha mwenye nacho kumwonyesha asiye nacho, na bado naona kuna ukweli. Lakini watu wale wa mbali, waliochora gari hili kwa ajili ya mtu wa mjini asiyetaka kumwaga chai yake, walikuwa wamelitatua swali la mgongo wa mwanamke wa Kisukuma wasiyejua kama yupo. Nilirudi kwenye usukani.

Kutoka Isaka bibi alilala, kinywa wazi, kitambaa kimemtoka kichwani. Mjomba aliinama akamrudishia, akabaki ameshika mabega ya kiti chake mpaka tulipoziona nyumba za Didia na mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa.

Bibi aliamka, nami nikasimamisha gari alipotuonyesha, kwenye mpaka wa mji, mbali na nyumba. Mjomba alizunguka upesi kufungua mlango. Bibi alishusha mguu mmoja, akangoja. Akashusha wa pili. Gari liliinuka kidogo lilipoachwa na uzito wake. Alisimama ameshika nguzo ya mlango, akijisikiliza mgongoni.

"Mayu, nikushike?"

"Niache."

Alijifunga kanga kiunoni, akaikaza. Akapiga hatua ya kwanza kwenye njia ya ng'ombe, ya pili ikiwa fupi zaidi, ya tatu ikanyooka. Kisha akainua sauti, akamwita dada yake kwa Kisukuma, kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Kule kwenye nyumba wanawake wakaanza kutoka, mikono kichwani, wakimjibu, wakija kumpokea njiani.