Chati ya Bure ya Kaka Yangu

Kaka yangu huchagua programu ya chati za hisa jinsi anavyochagua shati, kwa wingi wa rangi. Nasema hivi bila kuomba radhi. Aliikuta bure kwenye simu, ikiwa na mishale ya kijani ya kukwambia nunua na mishale myekundu ya kukwambia uza, matangazo ya kamari yakipita chini, na baada ya wiki mbili tu akawa mtaalamu. Kazi yake ni kuuza vipuri vya magari kule Lucky Summer, na hiyo anaijua. Mambo ya hisa aliyapata kwenye kundi la simu, ambako mtu asiyemjua alikuwa akimfundisha kusoma bei zilizopita ili ajue zinazokuja.

Ningemwacha na wazimu wake kama hisa zingekuwa zake. Zilikuwa za mama. Baba, aliyekuwa karani wa reli, alizinunua kidogo kidogo katika kampuni moja ya bima, na alipofariki zikabaki kwa mama pale nyumbani Dandora. Mgao wa faida wa kila mwaka ndio uliomwezesha kuishi bila kumpigia mtoto yeyote simu ya kuomba chumvi. Kaka alitaka ziuzwe zote, zinunuliwe nyingine alizoonyeshwa na mishale.

Nikasema sawa, kama tunaongozwa na chati, basi tutafute chati isiyodanganya. Nilijaribu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kimataifa, nzuri mno, lakini soko letu la Nairobi imelifanya mtoto wa kambo: bei ya leo unaiona kesho. Ya pili ni hiyo ya kaka. Ya tatu ilikuwa na sura mbaya, maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa, na ilikuwa ya kulipia kila mwezi. Jaribio langu lilikuwa moja. Miaka kadhaa nyuma, baba akiwa hai, kampuni ile iliwapa wenye hisa hisa moja ya bure kwa kila moja waliyokuwa nayo. Bei ya hisa ikashuka nusu siku hiyo, lakini kila mtu alikuwa na hisa maradufu, kwa hiyo hakuna aliyepoteza. Chati yenye akili huzirekebisha bei za nyuma, mstari ukapita pale bila kishindo. Chati ya kijinga huonyesha poromoko. Ya kaka ilionyesha poromoko la kumvunja shingo hata mbuzi.

Nikailipia ile yenye sura mbaya kwa pesa zangu, nikampigia kaka kumweleza. Akanijibu kwamba mimi ni karani wa shule, nisichanganye kupanga faili na mambo ya soko. Nikamwambia afadhali faili, hazimpigii mtu kelele za nunua na uza. Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza kama madereva waliogongana.

Jumapili moja baada ya kanisa akatuita ndugu wote kwa mama. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu upepo ulikuwa unatoka upande wa jaa kubwa la taka la Dandora. Alikuja na fomu ya wakala wa hisa, ya kuuza, imejazwa tayari, imebaki sahihi ya mama tu. Akaunganisha simu na televisheni, akasimama mbele yake kama mhubiri, kidole kwenye lile poromoko.

"Mathe, cheki hapa," akasema. "Hii kampuni ilianguka nusu kwa siku moja. Na itaanguka tena."

Nikasimama nami. Nikaeleza polepole, kisha nikatoa kwenye faili ya baba barua ya kampuni iliyotangaza hisa za bure, ikitaja tarehe ileile ya poromoko. Nikaweka simu yangu kando ya barua, mstari wangu ukiwa umetulia. Kaka aliitazama barua kwa muda. Najua aliisoma. Kisha akasema chati yangu imerembwa, na kwamba yake ndiyo inayoonyesha bei ambayo watu waliuziana siku zile. Na hilo, kwa ubaya wake wote, lilikuwa kweli.

Nilimwita mjinga mbele ya mama. Neno silijutii. Najutia sauti.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze. Kaka amerithi jina la babu, baba mzazi wa baba. Kwa hiyo mama hajawahi kumtaja kwa jina. Humwita baba, na tangu utotoni hakumchapa, hakumkemea, wala hakumjibu kwa ukali, maana mkwe hakemewi. Mimi nimerithi jina la bibi, mama mzazi wa mama, kwa hiyo kwake mimi ni mama. Kwangu ukali hauna mwiko, na nimeuonja wa kutosha.

"Mama, keti," mama akaniambia. Kisha akamgeukia kaka, macho chini. "Baba, leta kalamu."

Akatia sahihi. Kaka akaikunja fomu, akala chapati zake tatu, akaenda.

Nilibaki jikoni nikiosha vyombo. Mama akaja akasimama karibu yangu. Akasema ile barua ya hisa za bure aliisoma mwenyewe siku ilipoletwa, na kwamba yeye na baba walichinja kuku. Alikuwa anajua kila nilichokieleza kabla sijafungua mdomo. Nikamuuliza, kwa nini basi?

"Ulitaka nimkatalie baba mkwe mbele ya watoto?" akasema.

Hisa za mishale hazijaleta mgao hata mara moja. Kaka ni mjinga, na mjinga unaweza kumsamehe siku akierevuka. Mama alijua. Huu ni mwaka wa pili nampelekea unga na dawa kila mwezi. Nafika, naweka mezani, naondoka kabla chai haijachemka.