Aliyenitangulia Unguja

Usiniambie ni majonzi yaliyonifanya nione maruweruwe. Nimeshaambiwa na ndugu zangu na daktari pia, na wote nimewajibu vilevile: ilikuwa saa nne asubuhi, uwanja wa ndege wa Maskati umejaa watu, na mimi nimesoma fizikia chuo kikuu. Majini sikuwa nayaamini. Leo sijui niamini nini, ila haya yametokea.

Alfajiri ile kaka yangu Saidi alinipigia simu kutoka Unguja. Mama amefariki, watazika baada ya adhuhuri. Nikamwomba wanisubiri mpaka laasiri.

"Maiti hangojeshwi, mdogo wangu. Wewe ndo uliyekwenda kukaa mbali."

Mbali! Nilitoka nyumbani kwangu Al Khuwair, hapo hapo Maskati, nimejaa hasira. Ndege ya mwanzo ilikuwa ya saa tano. Karibu kilomita elfu nne, saa tano na nusu angani. Hata ukitoa saa moja ya tofauti ya majira, ningetua saa tisa na nusu. Na mimi nilitaka kitu kimoja tu: kuingia kaburini, nimpokee mama kwa mikono yangu.

Pale uwanja wa ndege, nikingoja kupanda, mzee mmoja wa kanzu na kofia akaja kukaa karibu yangu. Hana mzigo, hana hata mkoba.

"Unakwenda kuzika, mwanangu," akasema, Kiswahili cha kwetu kabisa.

"Nakwenda kukosa kuzika."

"Kwani safari inachukua muda gani?"

"Saa tano na nusu."

Akacheka. Siku ile, mtu akanicheka! "Mie nnafika kabla kahawa haijachemka. Mamaako nani jina lake?"

Alinichefua. Nikamwona ni wale wale wanaotapeli wajane kwa hirizi. Nikamjibu kwa kejeli: "Zuwena. Haya, tangulia basi, ukanizikie!"

"Umenituma?"

"Nimekutuma!"

Nikainamia simu yangu. Nilipoinua kichwa, kiti kitupu. Nikadhani kaenda msalani.

Nilifika nyumbani Unguja laasiri imeshapita. Saidi akanidaka mlangoni.

"Ulikimbilia wapi? Umetoka kaburini, hata mkono hukuwapa watu!"

"Nani katoka kaburini? Nimetua sasa hivi."

"Acha mzaha, we! Si wewe uliyemlaza mama? Si wewe uliyemfunua sanda, ukamweka shavu mchangani? Sisi tukasema, alhamdulillah, kapata ndege ya mapema."

Nikamwonesha kipande cha tiketi, saa ya kuondoka imeandikwa. Akakigeuzageuza, akamwita shangazi aniletee uji, kama mgonjwa.

Uji! Unaelewa nilichoibiwa? Kiumbe nisichokijua kimemshika mama yangu, na uso kiliouvaa ni wangu. Mpaka leo kila nikienda Unguja wananisifu nilivyomlaza kwa upole. Nikikanusha, wanatazamana. Nimegombana na Saidi hadi hatupigiani simu. Na ninayemchukia zaidi ni mimi, kwa sababu sikuibiwa kwa nguvu. Nilimtuma mwenyewe.

Basi nisikilize. Ikiwa kwenu kuna msiba na ukaniona nimewahi kuliko ndege, nimekunja kanzu nataka kushuka kaburini, usinipishe. Nipigie simu kwanza. Nikipokea nikiwa Maskati, mtoeni huyo, na msimwache amguse maiti wenu.