Msitu Umerudi kwa Wenyewe

Habari ya msitu ilitufikia Hounslow, huku London, siku ya Jumapili, nikiwa nasonga ugali. Mwenzangu, niliyepanga naye chumba na kusafisha naye vyoo vya uwanja wa ndege, alikuwa anaongea na kwao kwa simu. Ghafla akapiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio.

"Tumerudishiwa! Serikali imeturudishia msitu wetu!"

"Hongereni," nikasema, nikaendelea kuukandamiza ugali kama umenikosea.

Kijiji chao na chetu, huko milimani Tanga, vimetenganishwa na msitu huo. Mjerumani aliupora kutoka kwa ukoo wao, Mwingereza akaurithi, serikali yetu nayo ikaukalia. Sasa, miaka ya elfu mbili ndiyo imeanza, simu za mkononi ndiyo kwanza zinashika kwetu, ukarudi kwa wenyewe. Sisi hatukunyang'anywa kitu, basi hatukuwa na cha kurudishiwa. Jamani, mtu anaweza kuona wivu hata wa dhuluma aliyofanyiwa mwenziwe? Mimi niliuona. Wao wana msitu, sisi tuna migomba na upepo.

Na alivyotamba! Nikichelewa kuamka: "Twende bibi wee, mwenye msitu hachelewi shifti." Alikuwa ananitania, najua, ila kila neno lilinichoma. Tulishuka London tukiwa sawa, ndoo sawa, mopu sawa. Leo kapanda cheo amelala.

Yangeishia hapo kama si mama yangu. Mama ana presha, na zahanati iko kijijini kwao. Ukikatiza msituni unafika jua halijawa kali. Ukizunguka mlima kwa barabara, unafika nesi kashafunga mlango. Nilipompigia akaniambia kamati ya ukoo wao imeiziba njia ya msituni kwa magogo.

"Mwambie mwenzako atuombee," akasema.

Nimwombe nani? Yeye? Nikakaza shingo. Mama akazunguka mlima na miguu yake ile iliyovimba, na mimi chumbani nalala kitanda cha pili, mdomo nimeufunga.

Kisha kanisa likatupeleka sisi wanakwaya matembezi, nje kidogo ya Croydon. Tukakatiza katikati ya shamba la farasi, shamba la mtu binafsi, na kibao kimesimama kuonyesha kwamba hapa ni njia ya umma. Mwenye shamba akatupungia mkono.

Mwenzangu akashangaa. "Hebu ona! Shamba la mtu, na kila mtu anapita tu."

Nikapasuka. "Kamwambie hayo mjomba wako na kamati yake! Mama yangu anafia barabarani kwa ajili yenu, wachoyo wakubwa nyie!"

Kwaya nzima ikageuka. Yeye hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikaa kwenye ngazi ya kuvukia uzio, akanitazama.

"Ile njia yenu, pale penye mawe mnapotua mizigo, unapajua?"

"Napajua."

"Ni makaburi yetu. Bibi yangu alikuwa akienda kuyafagia, bwana misitu anamkamata. Nyie mnapita, mnayakalia, mnatafuna miwa mnatema makapi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza."

Mawe yale nimeyakalia tangu utotoni. Nilitaka kumwambia sikujua. Badala yake nikasema, "Sasa mama yangu afanyeje?"

Jioni ile alimpigia mjomba wake, mwenyekiti wa kamati, mimi nimekaa pale pale. Wakabishana kwa lugha yao, haraka haraka, hata sikushika neno. Mwishowe njia ikafunguliwa, lakini ikapindishwa ikae mbali na makaburi, na kila anayetoka upande wetu sharti apige hodi nyumba yao ya kwanza kabla ya kuendelea. Hodi! Mama yangu, kwenye njia aliyoipita tangu msichana! Niliona ni dharau tupu. Baada ya mwezi nikanunua kadi ya simu nimpigie nimpoze.

Wala hakutaka kupozwa. Ile nyumba ya kwanza ni ya mama wa mwenzangu. Mama alipopiga hodi mara ya kwanza akapewa uji, mara ya pili kigoda, na siku hizi wanasindikizana hadi zahanati, wanasukana nywele. Presha imeshuka. Nilimshukuru Mungu, nilimshukuru kweli, machozi yalinitoka. Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia nilivyompigania mbele ya kanisa zima.

"Huyo binti yuko hapo?" mama akanikatisha.

"Yupo."

"Basi mpe simu, nimsalimie mwanangu."

Nikampa. Wakacheka, wakaongea, mpaka kadi yangu ikaisha.