Siku Nilipowasha Taa za Harusi ya Safia

Jameni, hii aibu nimeimeza miaka mingi, lakini kwa vile leo mumeanza kuchekana, wacha nijianike mwenyewe kabla dada yangu hajanianika.

Ilikuwa miaka ya sabini, harusi ya huyu dada yangu Safia hapa Isiolo, na mimi (afro kubwa, akili kidogo) nilikuwa nimeahidi kila mtu kwamba chumba cha bibi harusi kitawaka taa za rangi kama zile niliona Nairobi, kwa hivyo nikakusanya balbu ishirini za Land Rover kuukuu, nikazipaka rangi ya kucha, nyekundu na kijani, nikaziunga kwa waya na kuzitundika juu ya pazia. Nyumba haikuwa na stima. Betri ya Land Rover nayo ilikuwa imekufa, lakini hapo nje ya dirisha kulikuwa na lori ya mjomba wetu, Abti Warsame.

"Kijana," Abti akauliza, "hizo taa ni za volti ngapi? Lori yangu ni ishirini na nne."

"Abti, taa ni taa!" nikamjibu, tena mbele ya wasichana, na ukishasema hivyo mbele ya wasichana hakuna kurudi nyuma.

Nikaunga. Wallahi ziliwaka! Chumba kikang'aa nyekundu na kijani, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikainua mikono kama mheshimiwa. Mara balbu moja ikapasuka, ya pili, ya tatu, waya ikatoa moshi, pazia ikashika moto (kidogo tu, msikuze mambo), na badala ya kukimbia kuchomoa waya kwenye betri ya lori nikavuta pazia, ikamwangukia mama mzazi wa bwana harusi, nikashika birika la chai ya maziwa na kummwagia yote. (Ilikuwa imepoa, alhamdulillahi.)

"Ndugu yangu," Safia akauliza ndani ya shela, "umemaliza, ama kuna ingine?"

Yule mama akatoa kichwa polepole, akalamba mdomo. "Sukari imezidi," akasema, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Abti akaokota balbu moja, akanionyesha kitako chake. "Imeandikwa kumi na mbili. Ulifika kidato cha nne, hii ikakushinda kusoma?"

Tangu siku hiyo sigusi waya. Hata tochi ikizima naipeleka kwa fundi, nasimama kando mikono mfukoni, na akiniuliza imekuwaje nasema sijui, bila kuona haya.