Mzee Aliyeshika Gurudumu la Cherehani

Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, wala sikuwa na njaa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki hutokea mtu akaniuliza moja kati ya hayo. Tena haikuwa usiku. Ilikuwa mchana kweupe, hapa hapa Shumba Viamboni, baada ya sala ya adhuhuri, wakati watu wamejilaza na hata kuku wametafuta kivuli. Usiponiamini, shauri yako. Mie nilikuwepo.

Nilikuwa nimeachwa. Nikarudi kwetu na wanangu, na nyumba niliyoikuta tupu ilikuwa ya marehemu bibi yangu mzaa mama, Bi Mize. Nikaingia, nikafagia. Nilipokuwa nikivuta takataka zilizokuwa uvunguni mwa kitanda chake, mkono wangu ukagonga chuma. Cherehani! Cha mkono, kile cha kuzungusha mpini, kimeviringishwa gunia lililooza. Kutu ilikuwa imekila hata maua ya dhahabu ya shingoni yamebaki madoa tu, na jina la kiwanda limefutika kabisa.

Weye ungefanya nini? Majirani waliniambia nikiuze chuma chakavu. Lakini mie nilikuwa nikishona kwa sindano ya mkono, napokea nguo za kupunguza na za kutia viraka, na nilikuwa nimeshampa neno jirani yangu Saada kwamba n'tamshonea mwanawe nguo za harusi. Kwa mkono! Nikakitazama cherehani kile, nikakiambia, "Weye utafanya kazi, utake usitake."

Basi ni cherehani gani? Usipojua aina yake huwezi kukitafutia kipuri. Nikakipindua, nikakipangusa kitako, nikaona namba zimegongwa kwenye chuma. Nikazipiga picha kwa simu, nikapiga na sehemu ya sindano, nikamtumia Fundi Makame, anayetengeneza vyerehani sokoni Chake Chake. Haikupita muda akanipigia.

"Dada yangu, hicho cha kale hasa. Hebu vuta vile vibati viwili vya pembeni mwa sindano. Unaona nini ndani?"

"Sioni kitu. Tundu refu tu."

"Basi hicho si cha bobini ya duara. Uzi wake wa chini hubebwa na kichuma kama mtumbwi, huenda mbele kikarudi nyuma. Wengi hawavijui vyerehani hivi, hulazimisha bobini ya siku hizi wakaviharibu. Na kichuma chako hakimo. Kile hakitoki chenyewe, dada. Mtu kakitoa."

Neno lile la mwisho sikulitilia maanani. Yeye akasema atanitafutia kingine, nami nikaanza kazi. Nilimimina mafuta ya taa kila penye kiungo, nikakiacha kilowe. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi, nikayakwangua kwa mswaki mkuukuu. Nikapiga msasa, nikapangusa, nikatia mafuta ya cherehani, nikapangusa tena. Siku gurudumu lilipozunguka kwa mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu. Hakijaisha mdomoni, nikasikia hodi.

Alikuwa mzee wa makamo ya babu, kanzu safi, kofia ya viua, sikio la kushoto limechanika. Nikamkaribisha, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia chuma."

"Natengeneza cherehani, mzee."

"Hicho hakitashona."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekwambia paa lako linavuja. Akaomba maji. Nikampa kwenye bakuli, akanywa, nikaliona koo lake likipanda na kushuka. Akaegemeza kiganja kwenye gurudumu, akaaga, akaenda zake. Nilipoliinua lile bakuli, maji yalikuwa yamejaa vilevile.

Nikajiambia sikuona vizuri. Nani hajawahi kujidanganya hivyo? Lakini gurudumu lilikuwa limekwama, na pale alipoegemeza kiganja kutu mpya, nyekundu, ilikuwa imeshatanda.

Nikaanza upya. Nilikasirika, sikufichi, maana vidole vilikuwa vinaniuma kwa msasa. Kipuri cha Fundi Makame kilipofika kwa gari ya abiria, nikakitia tunduni, nikatunga uzi, nikashona msitari mmoja juu ya tambara. Ulinyooka! Na mara ile, hodi.

"Nilikwambia hakitashona," akasema mzee yule yule. Akanyoosha mkono akaligusa gurudumu. Sindano ikakatika, uzi ukajisokota chini kama nywele. Nilipoinama kuutazama na kuinuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Ndipo nilipokwenda kwa Bi Time, mdogo wake bibi yangu. Nilimweleza yote. Yeye aliniuliza jambo moja tu.

"Sikio lake likoje?"

"La kushoto limechanika."

Akauvuta ushungi, akajifunika uso. "Huyo babu yako Kombo. Kafa hujazaliwa."

Akanieleza. Bibi yangu alikuwa akishona nguo za maharusi, watu wakimfuata kutoka Wete, wengine wakitoka hata kisiwani Fundo. Ikafika hadi watu wakawa wanasema nyumba ya Mize, hawasemi tena nyumba ya Kombo. Siku moja mume akakichomoa kile kichuma, akakitia mfukoni mwa kanzu, akasema sasa tutaona nyumba ni ya nani. Bibi hakushona tena mpaka alipokufa.

"Kirejeshe uvunguni, mjukuu wangu," Bi Time akanisihi. "Bibi yako ndivyo alivyopata amani."

"Alipata amani, Bi, au alinyamaza?"

Akainuka, akanisindikiza hadi mlangoni.

Siku iliyofuata, baada ya adhuhuri, niliwapeleka wanangu kwake, nikauacha mlango wangu wazi makusudi. Nikasoma Ayatul Kursi. Nikatia sindano mpya, nikatandika kitambaa chenyewe cha bibi harusi, si tambara tena. Nikaanza.

"Hodi."

"Karibu, babu. Shikamoo."

Akasita. Hakutegemea kuitwa babu. Kisha akaingia taratibu, akaweka kiganja juu ya gurudumu, na mpini ukawa mzito mkononi mwangu kama ndoo iliyokwama kisimani. Watu husema mikono ya wafu ni ya baridi. Si kweli. Mkono wake ulinigusa, mkavu, wa vuguvugu, mkono wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mke wangu hakushona," akasema.

"Mie si mke wako. Mie mjukuu wako, na nna watoto wa kulisha."

"Hakitashona."

"Toa mkono, babu."

Hakutoa. Akatia mkono wa pili mfukoni, akatoa kichuma cheusi chenye umbo la mtumbwi, kinang'aa kama kimetiwa mafuta asubuhi ile. Akakiweka kiganjani nikione. Miaka yote ile alikuwa nacho! Akanitazama kama mtu anayekuonyesha ufunguo wa nyumba uliyofungiwa.

Niliogopa, sikatai. Lakini hasira zilinipanda kuliko woga.

"Kaa nacho," nikamwambia. "Nimeshapata chengine."

Akakitazama kichuma chake. Akalitazama tundu la cherehani, akaona limejaa. Hapo nikausukuma mpini kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likaachia ghafla, sindano ikashuka, ikapita kwenye kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto ikatokea upande wa pili. Nikapiga ukelele. Nilipoinua macho, hayupo. Jua linawaka, uwanja niliofagia asubuhi hauna alama hata ya unyayo mmoja.

Unadhani nililala? Nikaichomoa ile sindano, nikafunga kidole, nikatia nyengine, nikaendelea kushona. Damu haikuigusa nguo. Mtoto wa Saada aliolewa amependeza, na wiki ile ile Bi Time akaniletea gauni lake limekatika mshono. Hakuingia ndani. Alilipitisha dirishani, akasimama pale pale akisikiliza cherehani kikilia mpaka nilipomaliza.

Kidole changu hakina hisia hadi leo. Naweza kukigusisha sufuria ya moto nisijue. Na kila siku, baada ya adhuhuri, mpini huwa mzito. Simwoni, lakini najua. Majirani hunishauri saa zile nipumzike, nishone jioni. Kwa nini? Nyumba nalala mie, kazi naifanya mie. Saa zile ndizo ninazokaa kushona hasa. Kinakwenda polepole, lakini kinakwenda.

Sasa nakuonya weye unayenisikiliza. Ukikuta kitu cha kazi cha mama yako au bibi yako kimefichwa na kimepungukiwa, usikimbilie kuuliza kina shetani gani. Uliza nani alikipunguza. Na ukishakitengeneza, jiweke tayari, maana anaweza kukujia mtu mpole, amevaa vizuri, sauti ya chini. Mwitikie salamu yake, ni haki yake. Lakini usinyanyuke kwenye kiti.