Maksai Aliyeitiwa Kisu

Nilipokuwa chuoni nilisoma kwamba kitenzi kubaini kimetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kutengana na kuwa wazi. Ndugu yake ni baina, yaani kati. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Maana hiyo nilikuwa nimeiona kwa macho yangu kijijini kwetu Mwamkulu, miaka ya tisini, asubuhi ambayo maksai wetu alikuwa achinjwe.

Siku tatu mfululizo alilala chini kila alipofungwa nira. Majirani walisema ni ndigana, ile homa inayoletwa na kupe. Baba, aliyehamia Mpanda na mifugo yake kutoka Usukuma, aliona heri tule nyama kuliko kuzika mzoga, ingawa bila maksai huyo nusu ya shamba la mpunga ingebaki pori. Akamwita jirani Mwislamu achinje, ili nyumba zote ziweze kula.

Bwana mifugo akapita na baiskeli yake.

"Mmejuaje ni ndigana?"

"Tumemwona," baba akajibu.

"Kuona siyo kubaini, mzee. Mrudisheni kwanza kati ya wenzake."

Tukamwachia. Akala majani, akanywa maji, akajilaza kivulini akicheua kwa raha.

"Nyie Wasukuma," jirani akasema, kisu kikiwa bado mkononi, "huyu ana afya kunizidi mimi. Mmeniita nichinje mvivu?"

Bwana mifugo hakucheka. Alimpima joto, akampapasa tezi za shingoni, asikute homa wala uvimbe, kisha akauliza, "Aliyekuwa akivuta naye yuko wapi?"

"Alikufa kiangazi."

"Huyu alizoea upande gani?"

"Kulia," baba akajibu.

"Na sasa?"

"Kushoto. Yule mpya ana nguvu, nikampa kulia."

Sisi sote tuliokulia nyuma ya plau tulijua kwamba maksai aliyefundishwa upande mmoja hauachi kirahisi. Tulichofanya ni kumtazama peke yake, kana kwamba hakuwahi kuwa na mwenzake.

Baba akawabadilisha pande. Maksai akasimama kidogo, akainamisha shingo, akavuta mpaka mwisho wa shamba bila kuguswa kwa fimbo.

"Nilikuwa namchinja kwa kosa langu," baba alisema, bila kumtazama yeyote, akaigeuza plau kuanza mstari wa pili.