Mama Makasi na mnyoaji aliyemfukuza

Saa moja asubuhi, mwanamke ameketi kwenye sakafu ya zizi, kondoo kamlaza ubavu, goti moja likimtuliza mnyama shingoni. Makasi yanakata kwa shida. Baada ya mikato kumi hivi anayaweka chini, anaukunja na kuukunjua mkono wa kulia, kisha anayachukua tena. Vidole vikigoma, huvifunga kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

"Mkono huu siku hizi una mambo yake," anasema bila kuinua kichwa. "Mimi nauambia kata, wenyewe unaniambia kalale."

Majirani wanamwita Mama Makasi. Ana miaka hamsini na minane, mjane, na kondoo thelathini na wanne. Kwa miaka ishirini na miwili amewanyoa mwenyewe, isipokuwa mwaka jana, mwaka ambao hapendi kuuzungumzia.

Mnyoaji wa kukodi huja na mashine yake na kumaliza zizi lote kabla ya chakula cha mchana. Ujira wake ni sufu ya kondoo mmoja katika kila watano. Mwaka huu Mama Makasi aliuona ujira huo mkubwa. "Nimpe mtu sufu yangu, na mikono ninayo?"

Sasa mikono ndiyo hiyo. Zamani alinyoa wanane kwa siku. Leo akinyoa watatu, kajitahidi. Siku nne zimekwisha, na walionyolewa ni kumi na mmoja tu. Joto limeingia. Waliobaki wanahema kivulini na nzi wamewavamia. Wawili wameshapata funza chini ya manyoya. Akichelewa wiki moja zaidi, atawapoteza wengine.

"Mama, mwite yule mnyoaji wa mwaka jana," anasema binti yake, akiwa na ndoo ya dawa mkononi.

"Nitamwita kwa uso gani?"

"Kwa huo huo ulionao. Mwingine utauazima wapi?"

Mama anacheka kidogo, kisha anachoka hata kucheka. Anaegemea ukuta, na ndipo anapolisema jambo ambalo binti yake ndiyo kwanza analisikia.

Kondoo wa kunyolewa hulala na njaa. Mnyoaji wa mashine humkalisha kitako, na tumbo lililojaa hulemea mapafu. Mwaka jana mnyoaji alimkumbusha Mama Makasi mara mbili asiwalishe. Lakini alfajiri kondoo walilia, naye ana huruma ya kijinga, kwa maneno yake mwenyewe. "Nikasema, pumba kidogo itawadhuru nini?"

Kondoo wa saba, jike aliyezaa mapacha miaka mitatu mfululizo, alikata roho kati ya magoti ya mnyoaji. Mama Makasi alipiga kelele kwamba kijana kamuua. Akamfukuza bila ujira. Kesho yake akaenda kwenye kinu cha kusaga unga, akawasimulia wanawake waliokuwa kwenye foleni, na maneno yakaota miguu. Nyumba sita zilimkataa mnyoaji msimu ule.

"Nilijua kosa ni langu kabla kondoo hajapoa," anasema. "Nikanyamaza. Niliona aibu, basi. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mwaka mzima."

Binti anachukua simu ya mama yake, anabonyeza namba, anaweka sauti kubwa na kumshikia sikioni.

"Shikamoo, mama," inajibu sauti ya mwanamume, baridi kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Yule kondoo nilimlisha mimi. Hukumuua."

Kondoo mmoja anakohoa.

"Najua, mama. Niliona pumba mdomoni mwake."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini? Wewe ni mama wa watu hapo. Mimi ni mpita njia na mashine yangu."

Mama Makasi anafuta uso kwa kiwiko. Anamwomba aje, na safari hii achukue sufu ya mmoja katika kila watatu.

"Mmoja kwa watano, kama zamani," anajibu mnyoaji. "Jumamosi nakuja. Ila mama, mke wangu hajakanyaga kinu hicho tangu mwaka jana. Anabeba mahindi saa nzima kwenda kinu kingine, maana hapo wanamwita mke wa muuaji wa kondoo. Hilo ndilo linaloniuma."

Simu inakatika. Mama Makasi anamwachia kondoo aliyenyolewa nusu, naye anakwenda zake, upande mmoja manyoya, upande mwingine ngozi.

"Kinuni foleni hujaa lini?" anauliza.

"Ijumaa," anasema binti. "Lakini unga tunao, mama. Hatuna hata cha kusaga."

"Nitapanga foleni hivyo hivyo."